Ufa Niliouonea Haya

Ipo siku moja ambayo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyouziba ufa wa Bi Zuhura kwa mara ya tatu huku moyoni nikijua kabisa kwamba utarudi. Nimeikumbuka tena jana, uliponitumia ile picha ya ukuta wako kwa simu ukaniuliza uchanganye sementi kiasi gani. Usinunue sementi kwanza. Kaa nikusimulie.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba huko Bukene, nikaja Tabora mjini kujifunza uashi kwa Mzee Masanja. Mikono yangu ilikuwa myepesi, lakini mbele za watu ulimi ulikuwa mzito. Mtu akinisalimu, nilimwitikia nikitazama mwiko wangu. Mzee Masanja alipoona lipu yangu inanyooka, akanituma peke yangu Mtendeni kwa Bi Zuhura, mjane aliyeishi peke yake katika nyumba ya zamani yenye msingi wa mawe.

Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha la chumba chake cha kulala, ukashuka ngazi ngazi hadi chini. Niliupanua kwa patasi, nikaulowesha, nikauziba, nikasugua mpaka usingeweza kujua ulipokuwa. Baada ya wiki chache ukarudi. Nikauziba tena kwa sementi nyingi zaidi. Ukarudi, na safari hii kidole kiliingia.

Mwana wa Bi Zuhura, Idi, aliyekuwa na duka Igalula, akaja kuuona. "Mama, ukuta huu utakuangukia," akasema. "Kabla mvua hazijaanza nakuja na gari, unahamia kwangu."

Bi Zuhura hakubishana naye. Idi alipoondoka tu, akaniambia, "Kijana, mimi nililetwa bibi harusi katika chumba hiki, na wanangu wote wamezaliwa humu. Nitengenezee."

Nikasema, "Ndiyo, bibi," nikauziba mara ya tatu. Uliporudi, ilinibidi nikamwambie Mzee Masanja.

Alipofika hakuutazama ukuta. Aliinama chini yake, akachota udongo, akauminya. Ukabaki donge mkononi.

"Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na huu?"

"Wa nane."

"Basi udongo huu umekunywa nini?"

Ule unyevu niliujua tangu siku ya kwanza. Nyuma ya kona ile, ndani ya ua wa mabati, palikuwa na bafu la Bi Zuhura. Mimi, kijana wa miaka kumi na saba, ningeanzaje kumuuliza mwanamke wa umri wa bibi yangu habari za maji yake ya kuoga? Niliona ni kukosa adabu. Kwa hiyo kila nilipofika niliufunika unyevu kwa mchanga mkavu, usinisumbue macho.

Mzee Masanja akapiga hodi. "Shikamoo, Bi Zuhura. Maji ya bafuni yanatokea wapi?"

"Marahaba. Hata mimi sijui. Zamani yalitoka kule mtaroni. Tangu mfungo uliopita siyaoni. Nilitaka kumwonyesha huyu fundi wako, lakini nikitaja bafu tu anakimbilia mchanga wake. Nikadhani mafundi wa siku hizi hawaongei na wanawake."

Mzee akanigeukia. "Siku zote hizi umeuonea ukuta haya," akasema polepole, "na mama wa watu analala chini yake."

Akaniagiza nikalete sururu.

Tukavunja sakafu ya bafu, tukakuta bomba limepasuka, maji yote yanaingia chini ya msingi. Hapo hamu ya kujua ikanishika, nikaanza kuuliza. Kwa nini tusichimbe kona yote mara moja? Mzee akanieleza kwamba ukifanya hivyo unaiacha nyumba ikining'inia. Unachimba kipande kifupi, unajaza mawe na zege, unangoja kikauke, ndipo unakwenda cha pili. Tukaweka bomba jipya, tukamwaga sakafu inayoteremkia mtaroni. Ufa wenyewe hatukuugusa. Mzee alibandika juu yake ukanda wa karatasi ya daftari kwa uji wa sembe, akauita shahidi. Ukichanika, nyumba bado inatembea.

Kila asubuhi nilipita kuutazama, na kila asubuhi Bi Zuhura alikuwa amenitangulia, miwani puani. "Shahidi wako leo hana la kusema," aliniambia.

Idi akaja na gari, kama alivyosema. Akapitisha ukucha kwenye karatasi toka juu hadi chini, kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa ameketi kitandani bila kufunga hata mkoba mmoja.

"Haya, mama. Lakini mvua zikianza nakuja kuangalia tena."

"Karibu," akajibu Bi Zuhura. "Uje na mchele."

Alikaa katika chumba hicho miaka mingi, mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa mwanangu, picha yako inanionyesha ufa, hainionyeshi maji. Toka nje, uizunguke nyumba, ushike udongo kwa mkono wako. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi na ya vyombo yanamwagwa wapi. Bandika karatasi, ungoje. Na mama mkwe wako, anayeshinda hapo nyumbani kutwa, muulize ameona nini, hata kama ni habari za bafu. Najua unamwogopa. Muulize kwa maneno mazuri. Kumnyamazia si kumheshimu.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, na wote wanaolala chini ya paa lako waamke salama.