Saa ya Kunyonyesha

Mnisamehe herufi zangu zinazopanda na kushuka, na maneno niliyoyakosea. Shule niliishia darasa la sita, na huandika polepole, mtoto akiwa amelala.

Nashona sare za wanafunzi katika karakana moja ya Rohero, katikati ya mji. Tuko wanawake kumi na mmoja. Nyumbani ni Carama, mbali pembezoni mwa mji, ambako mama yangu hubaki na mwanangu wa miezi minne. Sheria inampa mama anayenyonyesha saa moja ya kunyonyesha kila siku, lakini karakanani kwetu hakuna aliyewahi kuiona. Bosi husema akimfungulia mlango mmoja, wote watatoka.

Tuliposikia mkaguzi wa kazi atakuja, tulipatana tuombe saa hiyo iwe jioni, nitoke mapema, maana mchana siwezi kufika Carama na kurudi. Wenzangu wakanichagua mimi niseme.

"Mi siwezi, dada. Sauti yangu ni ndogo," nilimwambia fundi mkubwa, ambaye cherehani yake iko karibu na yangu.

"Mutu anasema na mudomo, apana na sauti. We ndiye una mutoto wa kunyonya. Mi nikiomba watauliza, huyu bibi ananyonyesha nani?"

Tulicheka wote. Siku tatu nilirudia maneno yangu kimoyomoyo huku nikikanyaga cherehani.

Mkaguzi alikuja saa tano asubuhi. Bosi alisimama kando yake.

"Mama zangu, kuna mwenye shida?" mkaguzi aliuliza kwa upole.

Saa ile maziwa hunitoka kila siku. Blauzi ilikuwa imelowa. Ningesimama, wote wangeona. Nilivuta sketi niliyokuwa nashona, nikajifunika kifua, nikainama. Dada alinigusa kwa kiwiko. Nilidhani atasema yeye, kumbe ananingoja mimi.

"Hawa ni kama watoto wangu," bosi alisema. "Wangekuwa na shida wangesema."

Mkaguzi aliandika, akashukuru, akaenda.

Hakuna aliyenilaumu. Dada alisema tu, "Basi, tushone." Afadhali angenitukana.

Siku hizi mama humpa mwanangu uji kwa kijiko. Jioni nikimpa ziwa hugeuza uso, analia akimtaka bibi yake. Maziwa yanapungua, na mkaguzi hatujui atarudi lini.

Naomba mliowahi kusimama mbele ya bosi mniandikie. Sheria naijua. Niambieni lile neno la kwanza mlilitoaje.