Filimbi ya Kocha Wetu Mskochi

Ndugu zangu, leo tumemzika kocha wetu Mskochi hapa Bigwa, na mpaka sasa sijalia.

Kwao alikuwa mchezaji wa kiungo. Kwetu akawa mwalimu wa timu, nami nahodha wake. Tangu afariki, wachezaji walikuwa wakinisihi nirithi kazi yake ya ukocha. Sikuwa nimewajibu.

Kaburini, mtani wa ukoo wa mkewe, ambaye kwa mila ana ruhusa ya kufanya mzaha msibani, akavaa kofia ya marehemu, akaiga sauti yake: “Pasi kwanza, mbuzi nyie! Kufa baadaye!”

Waombolezaji wakacheka. Mjane naye akacheka.

Mimi sikuhisi chochote.

Ndipo mtani akanirushia filimbi ya marehemu. “Nahodha, unasubiri afufuke?”

Nikaipuliza, bila kufikiri.

Wachezaji waliokuwa wakifukia kaburi wakaweka makoleo chini, wakajipanga mbele yangu, viatu vimejaa udongo.

Wakasubiri niseme.

Ninyi mngewaambia nini?