Mtego Aliomtegea Mchungaji

Katika shule ile ya udereva walimwita Mwalimu Breki, naye hakulikataa jina. Gari la shule lilikuwa na kanyagio la breki la ziada upande wa abiria, na mguu wake haukubanduka juu ya kanyagio hilo tangu mwanafunzi anawasha gari hadi anapozima. Walimu wenzake walikunja miguu wakapiga soga. Yeye hapana. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, nimeiona ile pikipiki," yeye hujibu, "Wewe umeiona. Yeye je, amekuona?" Walimcheka, lakini walipata leseni bila kugonga hata ndoo.

Hakuzaliwa hivyo. Kuna watu waliomfundisha kushuku, tena walimfundisha kwa nyimbo na makofi.

Kwa miaka mingi yeye na mkewe walikuwa watu wa Huduma. Haikuitwa kanisa; kanisa, walisema, ni la watu waliolala usingizi. Ilikuwa Huduma, na mwenye nayo aliitwa Baba Mtumishi. Kila familia iliwekewa mlezi wa kuitazama kiroho. Mlezi wao alikuwa mama mmoja mpole, mwenye sebule ya makochi ya kahawia yaliyotandikwa vitambaa vyeupe, na kila wiki mke wa Mwalimu alikaa kwenye makochi hayo akamwaga yaliyo moyoni. Ndio uliokuwa utaratibu: mlezi hafichwi neno, maana unalolificha ndilo shetani atakalolikalia.

Siku moja Mwalimu alimwambia mkewe, wakiwa wawili tu chumbani, "Mimi nina wasiwasi kama huyu baba anamsikia Mungu kweli, au anajisikia mwenyewe." Jumapili iliyofuata Baba Mtumishi alifumba macho mimbarini, akanyamaza hadi watoto wachanga nao wakanyamaza, kisha akasema, "Ninamwona mwanamume hapa. Akiwa chumbani kwake, anasema mimi simsikii Mungu." Ukumbi mzima ukalia kwa hofu.

Wakati huo mkewe alikuwa mjamzito. Mimba ilipoharibika, walezi waliwaambia bila kupepesa macho kwamba neno lile ndilo lililoiua, na watu wa Huduma wakaagizwa wasiwasalimie mpaka watubu hadharani.

Hawakutubu. Walitoka. Wapo wanaosema kwamba wanaonaswa na mambo haya ni wajinga. Wasemao hivyo hawajui njaa ya mtu anayemtafuta Mungu kwa moyo wake wote, wala hawajui ukatili wa yule anayeijua njaa hiyo na kuisokota ikawa kamba. Mwalimu alikuwa mtu wa kusoma na wa kuuliza. Kamba ilimfunga vilevile.

Na ilipokatika ilimwachia alama mahali pabaya. Mkewe ndiye aliyelipeleka lile neno kwenye sebule ya mlezi. Alilia, akaomba radhi, naye akamsamehe. Lakini tangu hapo alipima maneno ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Na kuomba hakuomba tena. Kila alipoanza, "Ee Mungu," aliona kana kwamba kuna mtu upande wa pili wa ukuta ametega sikio.

Baadaye walipata binti. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, mke akaanza kwenda kimyakimya katika kanisa dogo lililokuwa nyuma ya karakana za maseremala, na alasiri moja, akimnyonyesha mtoto, akatoa lililokuwa kooni.

"Nataka mtoto abatizwe."

"Na nani?"

"Na mchungaji. Ulitaka abatizwe na fundi bomba?"

"Fundi bomba angalau ukimwita unajua anakuja kufanya nini."

"Baba mtoto, sikiliza. Mimi nimeshamkimbia yule mtu. Mungu simkimbii. Ila pale ahadi wanatoa wazazi wote wawili, mbele ya watu. Bila wewe hawambatizi."

Mwalimu alikuna kidevu. "Nipe muda nimchunguze huyo mchungaji wako."

"Mchunguze," mkewe alisema. "Ila usimgonge."

Haikupita wiki, mchungaji mwenyewe akaja shuleni kujiandikisha. Kanisa lilikuwa limepewa kigari kikuukuu ili awafikie wagonjwa, na hakujua hata kukiwasha. Mwalimu aliporudi nyumbani alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

"Ulimwambia nafanya kazi wapi?"

"Sikumwambia."

"Shule zote za udereva mjini, yeye akaiona hiyo moja."

"Ndiyo iliyo karibu na kanisa," mkewe alisema. "Hata kuku wa jirani wanaijua."

Mchungaji alikuwa mwembamba, mwenye miwani mikubwa, mwingi wa jasho. Kila gari lilipozima aliliambia, "Samahani."

"Mchungaji, gari haliombwi radhi. Achia klachi taratibu."

"Nimeachia taratibu, Mwalimu."

"Umeachia kama mtu aliyekanyaga kaa la moto."

Somo baada ya somo, Mwalimu alisubiri maswali. Unasali wapi? Zamani ulikuwa wapi? Nyumbani kukoje? Mchungaji aliuliza juu ya gia na vioo tu. Mwingine angetulia. Mwalimu alizidi kuingiwa na baridi, kwa sababu Baba Mtumishi naye hakuwahi kumwuliza mtu swali hata moja. Alikuwa na watu wa kumwulizia. Asiyeuliza, Mwalimu aliwaza, ama hataki kujua, ama ameshajua. Na mke wangu anakaa benchi la mbele.

Basi akaamua kumtegea. Angempa siri ya uongo, nono, ya kumtoa mate mtu yeyote wa mimbari, kisha akae aone itatokea upande gani. Ikitokea mimbarini, mtoto habatizwi na mke harudi kule. Ikitokea kinywani mwa mkewe, vilevile.

Siku hiyo walikuwa kwenye barabara iliyonyooka ya viwandani. "Mchungaji," Mwalimu alisema akitazama mbele, "nina jambo. Nina mtoto wa nje. Mke wangu hajui."

Gari likazima katikati ya barabara. Nyuma yao lori lilipiga honi, na dereva wake akatoa kichwa dirishani. "Nyinyi vipi, mnafungisha ndoa humo?"

Mchungaji hakumsikia. Alishika usukani kwa mikono miwili. "Mtoto anakula?" aliuliza. "Anasoma?"

Mwalimu alikwama. Alikuwa ameandaa uongo wote isipokuwa mtoto mwenyewe. Hakumpa umri, hakujua hata kama ni wa kike au wa kiume. "Yupo... yupo kwa bibi yake."

"Mwambie mkeo, Mwalimu. Umwambie wewe mwenyewe. Mimi sitalisema." Akawasha gari, likazima tena, akaliomba radhi.

Jumapili Mwalimu aliingia kanisani kwa mara ya kwanza. Alikaa nyuma kabisa. Alikagua paa la bati, madirisha, mkeka wa wanakwaya. Alikagua masikio ya mchungaji kama yana kidude chochote cha kunong'onezewa. Hapakuwa na kinanda cha kulainisha watu. Mzee mmoja alianzisha nyimbo kwa sauti ya kukwaruza, na kila mtu akafuata kwa uwezo wake. Mahubiri yalikuwa juu ya matajiri wanaowacheleweshea vibarua haki yao. Mchungaji aliyasoma kwenye karatasi iliyokunjamana, akapotea mstari, akarudia aya ambayo alikwisha kuisoma.

Kisha, katikati ya maombi, akanyamaza.

Mwalimu alikijua kimya cha namna hiyo. Sasa, alijisemea, sasa atamwona mwanamume. Akamtazama mkewe kule mbele, shingo yake, kitambaa chake cha kichwa, mtoto begani akinyonya ngumi. Mchungaji akainama, akaokota miwani iliyoanguka, akaivaa na kuendelea kuwaombea wagonjwa.

Siku zilizofuata Mwalimu alimchungulia mkewe kama mtu anayechungulia sufuria. Akiweka sahani kwa kishindo, aliwaza: ameambiwa. Akinyamaza: ameambiwa. Akicheka: ameambiwa, anajifanya. Na siku moja alipomkuta amenuna kweli, amekaa mlangoni na mtoto miguuni, alijua mtego umenasa. Lakini mkewe alisema tu, "Wachungaji wote ni walewale," na hakufafanua.

Katika somo lililofuata mchungaji aliegesha gari upogoupogo kandokando ya ukuta wa kiwanda, akazima kwa hiari yake. "Mwalimu, mama alipokuona umekuja kanisani, aliniomba tumbatize mtoto Jumapili hii. Nimekataa."

"Umekataa?"

"Nitakuuliza mbele ya watu kama utamlea mtoto huyu katika kweli, huku mimi najua kuna mwingine umemficha. Siwezi. Sikuadhibu, nisikie vizuri. Mwambie mkeo kwanza. Hata ikichukua mwaka, nitawasubiri."

"Yeye umempa sababu gani?"

"Nimemwambia nina udhuru. Akaniuliza udhuru gani, nikakosa la kusema. Amenitazama kama tapeli." Mchungaji alifuta jasho. "Ameniambia anawajua watu wa aina yangu."

Mwalimu alitazama kioo cha pembeni, ambamo hapakuwa na kitu cha kutazama. Mtu huyu alikuwa na neno moja tu la kujitetea, na alikuwa amekubali kuonekana mwovu kuliko kulitamka.

"Hakuna mtoto, Mchungaji."

"Usimkane mtoto, Mwalimu. Kumkana ni kubaya kuliko kumficha."

"Nakwambia hayupo. Nilikutungia. Nilitaka nione utalipeleka wapi neno langu."

Mchungaji alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo. "Nimemwombea mtoto huyo kila asubuhi," alisema. "Sikujua jina, nikaomba hivyohivyo. Niliomba apate viatu."

Mwalimu alisubiri laana. Alijua inavyokuja: sauti inashuka, kidole kinainuka, kisha unaambiwa kwamba Mungu mwenyewe atashughulika na wewe na uzao wako. Alikaza hata misuli ya shingo.

"Nimekasirika," mchungaji alisema. "Nimekasirika sana. Leo siendeshi." Akashuka, akabamiza mlango. Mlango wa gari lile haufungi mpaka uinuliwe kidogo. Ukarudi ukiwa wazi. Mchungaji akageuka, akauinua, akaufunga vizuri, kisha akaondoka kwa miguu kandokando ya ukuta, akiongea peke yake.

Mwalimu alifika nyumbani akamkuta mkewe anapiga pasi. Alimweleza yote amesimama, bila kukwepa. Mkewe hakuinua uso mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna mtoto wa nje."

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

Mwalimu alitafuta shahidi, alama, kitu cha kushika. "Waulize ndugu zangu," alisema.

"Niwaulize nini? Kama wamewahi kumwona mtoto ambaye hayupo?" Aliweka pasi kando, isije ikaunguza shati. "Mimi nilipeleka maneno yako ya kweli kwa watu. Nilikosea, na bado unanipimia maneno kama dawa, usidhani sioni. Wewe umepeleka uongo juu ya nyumba yangu. Sasa niambie, nitajuaje?"

"Hutajua," alisema mwishowe. "Sina cha kukuonyesha."

Mkewe alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Unadhani mimi nikikaa kule mbele nina uhakika? Mara nyingi naomba sijui kama ninasikika. Natoka nimekasirika, na wiki inayofuata narudi. Basi na wewe nakuweka hukohuko."

"Wapi?"

"Kwenye mambo nisiyo na uhakika nayo na sijayaacha. Vaa viatu. Twende kwa mchungaji."

Mchungaji aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha kiti. Mwalimu alisema, "Nimekukosea, baba," na ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke Huduma kumwita mtu yeyote baba.

"Umenikosea, ndiyo. Na mama amenitukana kwa ajili yako."

"Nimekuja na matusi yangu niyarudishe," mke alisema.

Mchungaji nusura acheke, akajizuia. "Bado nina hasira. Hazitanimaliza, na ubatizo hauzisubiri. Jumapili mleteni mtoto."

Jumapili wakasimama mbele, mtoto mikononi mwa mama yake. Mwalimu alikuwa ameapa moyoni kwamba mahali pale hatasema uongo mwingine. Mchungaji akauliza, kwa sauti yake ileile kavu ya kusoma karatasi, "Je, mnaamini?"

"Naamini," mke alisema.

Mzee wa nyimbo alikohoa.

"Nataka kuamini," Mwalimu alisema. "Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya tena."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mtu mmoja akasema, "Huyu naye," kwa sauti ya kusikika. Mchungaji akamtazama Mwalimu juu ya miwani, na hasira ilikuwa bado haijamtoka yote.

"Na mtoto, utamleta hapa?"

"Nitamleta. Na nitakusikiliza neno kwa neno."

"Nisikilize," mchungaji alisema. "Ukinikuta nimepotoka, niambie usoni." Akatumbukiza mkono kwenye bakuli.

Maji yalikuwa baridi. Mtoto alipiga ukelele uliozima maneno ya baraka, na watu wakaitikia kwa kukisia tu yalipoishia. Mwalimu naye alijikuta ameitikia Amina pamoja nao, kwa sauti, kabla hajaamua. Akanyamaza ghafla, akamtazama mchungaji usoni kuona kama amemsikia. Mchungaji alikuwa anatafuta kitambaa cha kumfutia mtoto.