Pumzi ya Mpishi wa Shule

Kazini kwake Baba wanamwita Bomba, maana sigara haimtoki mdomoni. Kwa hiyo zahanati ilipotangaza kupima mapafu bure, mgonjwa tulikuwa naye tayari, kilichobaki ni kumkokota. Mama aliomba ruhusa jikoni shuleni, anakopika kwa kuni tangu sijazaliwa, akaja kumshika mkono asitoroke. Mimi nikaja kumshika mkono wa pili.

Baba akapuliza kwenye mrija. Nesi akaangalia mashine, akasema kwa sasa mapafu yanajitahidi, ila sigara aache.

"Si niliwaambia?" Baba akasema, shingo juu. Nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Nesi akamgeukia Mama, aliyekuwa bado anahema kwa kupanda vile vingazi vya mlangoni. "Na wewe mama, njoo."

"Mimi sivuti sigara, mwanangu. Huu ni uzee tu."

"Puliza basi. Si ni bure?"

Mama akapuliza kama anavyopuliza moto: mashavu yamejaa, pumzi fupifupi, fyuu, fyuu, macho kayafumba nusu kukwepa majivu. Tukacheka wote, nesi naye. Jikoni kwao kuni zikiwa mbichi huitwa yeye.

"Hapa hatuwashi jiko, mama. Vuta pumzi mpaka ijae, kisha itoe yote kwa mkupuo. Usikate mpaka nikwambie."

Akarudia vizuri. Safari hii nesi hakucheka. Akamrudisha mara ya tatu, akampa dawa ya kuvuta, akatuweka kwenye benchi tusubiri, kisha akampima upya. Baba alisema tatizo ni namna ya kupuliza, mtu kazoea jiko. Nami nikaling'ang'ania neno lake, mimi ambaye huwa simwamini hata akisema mvua inanyesha.

"Anapuliza sawasawa sasa," nesi akasema. "Njia za hewa zimebana, na dawa haikuzifungua. Huu ni ugonjwa sugu wa mapafu. Moshi wa kuni, mama. Walio nao ni wengi, na wengi hawajui. Wakikohoa wanasema vumbi, wakihema wanasema uzee."

"Nikitoka moshini, pumzi itarudi?"

"Iliyokwenda hairudi. Tutailinda iliyobaki."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa bei ya nyanya. Baba akasema huenda mashine imechanganya majibu yao, wampime yeye mwenyewe tena. Mimi nilikuwa natazama bango la chanjo ukutani. Nililisoma lote, nikalirudia. Moyoni hamkuwa na kitu, si huzuni wala hasira.

Nesi akauliza jikoni wako wangapi, waje nao wapimwe.

"Tuko wanne," Mama akasema. "Wote tunahema. Hata yule dada aliyenifundisha kazi alikuwa anahema hivihivi. Aliposhindwa kuinua mwiko tukamwambia apumzike, amezeeka. Tukamzika, tukasema uzee umemchukua."

Akajifunga mtandio upya, polepole, akasimama kwa kushikilia benchi.

"Umri aliofia yeye, mimi niliupita mwaka juzi."