Kufuli la Mlango wa Nyuma

Lusia alianza kukasirika akiwa darasa la nne, na mpaka anafika mwaka wa tatu chuoni hasira ile ilikuwa haijapoa. Mwaka ule wa darasa la nne, kule kwao Kiegei, jirani yao Bakary aliamua kuchoma majani ya shamba lake jipya mchana kweupe, upepo unavuma, kisha akaenda zake kula. Alipomaliza kula, mikorosho ya kina Lusia ilikuwa imekwisha. Babu yake ndiye aliyeipanda, baada ya kuvuka Ruvuma na mke na chungu kimoja. Watu wakaja kutoa pole, na wote, mmoja baada ya mwingine, wakasema ni kazi ya Mungu.

Lusia aliwasikiliza damu ikimchemka. Mungu hakuwa na kiberiti. Kiberiti alikuwa nacho Bakary, na Bakary mwenyewe alikuwa amekaa palepale mkekani, ananawishwa mikono ili ale tena.

Baba yake, Tomasi, akabaki kulima ufuta kwenye mashamba ya watu. Mama yake, Getruda, akahamia Ruangwa mjini kubangua korosho za watu kiwandani. Lusia naye akasoma kwa kinyongo, mpaka akachaguliwa chuo kusomea uhandisi wa kinga ya moto. Ukoo mzima ulishika tama. Baba yake mdogo, Severini, ndiye aliyeuliza kwa niaba ya wote.

"Yaani miaka minne yote, mwanangu, unasomea kumwaga maji?"

Alieleza mpaka akachoka. Kazi yake haikuwa kumwaga maji. Kazi yake ni moto usipate pa kuanzia, na ukianza, watu wapate pa kutokea. Severini akatikisa kichwa, akasema angesomea unesi angalau angemchoma sindano.

Ulipofika wakati wa mafunzo kwa vitendo, ambayo wanachuo huyaita fildi, wenzake walikimbilia miji mikubwa. Lusia aliomba kiwanda cha mama yake. Meneja, Bwana Amiri, alimkubali upesi, kwa kuwa alidhani amepata mtu wa kumchapia kazi bure kwenye kompyuta.

Kiwanda chenyewe ni ukumbi mmoja mrefu. Wanawake wanakaa kwenye mabenchi wakibangua, mikono wameipaka majivu ili utomvu usiwachubue. Maganda wanayatupa kwenye rundo kando ya mlango wa mbele, na hapohapo nje ya mlango kuna tanuri linalowashwa kwa maganda hayohayo. Aliyewahi kukaanga korosho nyumbani anajua yale mafuta ya maganda yanavyoshika moto, hata kugeuza uso huwahi. Madirisha yana nondo. Mtungi wa kuzimia moto upo, umetundikwa ukutani ndani ya nailoni yake ya dukani, eti usichafuke. Na mlango wa nyuma, ule ambao binadamu angekimbilia mbele kukiwaka, umefungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi ya mwanamume.

Lusia aliliona kufuli lile siku ya kwanza. Alikwenda ofisini kwa Amiri.

"Bosi, ule mlango wa nyuma naomba ufunguliwe wakati watu wako kazini."

"Ili korosho zipitie huko?" Amiri alicheka. "Binti, hawa mama zako huwajui. Mbele nina mlinzi anawapekua. Nyuma nimweke nani, wewe?"

"Moto ukianzia mbele, watatokea wapi?"

"Moto gani? Tangu tufungue hapa umesikia moto?" Akarudi kwenye simu yake. "Nenda kamalizie kazi yangu, injinia."

Ule upekuzi nao ulikuwa unamla Lusia roho. Kila jioni wanawake hupanga mstari getini, na kila mmoja hufungua kanga yake akaikung'uta mbele ya mlinzi, watu wazima, wengine wana wajukuu. Mama yake alikuwa anaikung'uta kwa bidii kuliko wote. Miaka yote hakuwahi kutoka na punje moja, na alijivunia hilo kanisani na sokoni.

Usiku huo, nyumbani, mama huyohuyo mwaminifu ndiye aliyemgombeza.

"Unataka wanifukuze? Ada yako unadhani imetoka wapi? Kama unataka kuwaelimisha watu, nenda kawaelimishe wenye tumbo lililoshiba!"

"Mama, mmefungiwa! Kuku nao hufunguliwa asubuhi!"

"Basi mimi kuku. Lala."

Lusia hakulala vizuri wala hakunyamaza. Alirudi kwa Amiri kesho yake, na kesho yake tena, mpaka Amiri akachoka naye. Asubuhi moja aliingia ukumbini akining'iniza ufunguo, akaukabidhi kwa Getruda mbele ya wote.

"Huyu ndiye mwaminifu wangu. Ufunguo akae nao yeye mchana, jioni ananirudishia. Moto ukija, mama atafungua. Umeridhika, injinia? Na nikisikia neno moja tena juu ya mlango ule, fildi yako imeishia hapo."

Wanawake wakapiga makofi. Getruda akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga ya kiunoni, uso unang'aa. Lusia alitamani kupiga ukuta ngumi. Wamemfanya mama yake kuwa mlinzi wa kaburi lake mwenyewe, naye anashukuru!

Alisubiri Amiri aende kula. Kisha akasimama katikati ya mabenchi.

"Mama, njoo."

"Una nini tena?"

"Njoo tu, mama yangu. Ukishinda, sitasema tena."

Akaichukua kanga ya mabegani ya mama yake na kumfunga nayo macho, akaikaza. Wenzake wakaanza kucheka. Mwanabibi, aliyekaa benchi moja na Getruda tangu kiwanda kifunguliwe, alipiga kigelegele kama yuko kwenye ngoma.

"Huo ni moshi," Lusia alisema. "Moshi hukupofusha kwanza, kukuunguza ni baadaye. Nenda kafungue mlango. Na nyie simameni, msukumeni, maana siku hiyo hamtapanga mstari."

Wakamsukuma huku wanacheka. Getruda akajigonga kwenye benchi, akapapasa ukuta, akaufikia mlango. Akafungua pindo la kanga. Vidole vilikuwa na majivu na utomvu, ufunguo ukamponyoka. Akapiga magoti kuutafuta, wenzake wakamwangukia mgongoni. Aliupata, akalishika kufuli, akachomeka juu, akachomeka chini, tundu halionekani. Ukadondoka tena.

"Mama Lusia, fungua basi," alisema Mwanabibi, na hakuwa anacheka tena.

Hakuna aliyekuwa anacheka. Getruda alikuwa anapapasa sakafu kwa mikono miwili, anahema. Lusia akamfungua kanga. Macho ya mama yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza Lusia aliona humo hasira iliyo sawa na yake. Getruda akaokota ufunguo, akarudi kubangua.

Jioni, kengele ilipolia, Getruda ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka ukumbini. Akafika ofisini.

"Ufunguo wako huu, bosi."

"Ndiyo maana nakuamini, mama," alisema Amiri, akautupa kwenye droo.

Getini alifungua kanga na kuikung'uta kama siku zote. Mlinzi akampungia mkono apite, hata bakuli la chakula alilobeba hakulitazama. Nani ampekue Getruda?

Walipofika nyumbani aliliweka bakuli mezani na kufunua mfuniko. Juu ya ukoko wa ugali lilikuwa limekaa kufuli. Mlango wa nyuma alikuwa ameuacha na komeo la ndani tu, linalofunguka kwa kidole.

"Mama! Kesho atakuuliza!"

"Anipekue. Si ndiyo kazi yao?"

"Na akinunua jingine?"

Getruda alilitoa kufuli, akalifuta ugali kwa kidole, akanawa mikono.

"Tumeshaongea na Mwanabibi na wenzake," alisema. "Tutaliiba na hilo."