Jambazi wa Magomeni na Kitambulisho cha Afande Jotham

Kijiji kizima cha Ikuti kinakijua kikohozi cha Afande Jotham. Kuna mwaka mwizi mmoja wa ndizi alikisikia gizani, akautupa mkungu, akapiga magoti njiani na kuanza kutaja majina ya wenzake. Afande wa watu alikuwa na mafua tu, anatafuta leso.

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu Sajenti mstaafu Jotham Mwandemele arudi kwao na godoro lake, redio yake na ule mwendo. Mwendo ndio uliowamaliza watu. Kifua mbele, kidevu juu, mkono unapanda mpaka usawa wa bega hata akienda chooni. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani huko polisi. Walimtazama tu wakajijibu wenyewe, na msibani wakaanza kumwachia kiti chenye mgongo.

Naye, tusimsingizie, hakuwa muongo. Kila alipohadithia, aliacha kitu kimoja tu. Alisema siku za sherehe pale uwanja wa taifa alikuwa akisimama mbele kabisa, watu maelfu wanapiga kelele, yeye hatikisiki. Kweli. Alisema amewahi kukaribiana na marais wa nchi za watu mpaka akasikia marashi yao. Kweli tupu. Alichokiacha ni ile ngoma kubwa aliyokuwa ameibeba tumboni. Miaka yake yote ya utumishi Jotham alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya polisi, pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Hajawahi kumfunga mtu pingu. Labda mwanawe Hosea alipokuwa mdogo, tena kwa kamba za viatu.

Uongo wenyewe hasa ulikuwa mmoja, na ulimtoka msibani. Wanaume wameuzunguka moto, baridi ya Rungwe mnaijua, na jirani yake Meshaki, mkulima wa parachichi mwenye mdomo usiojua likizo, akauliza: "Afande, umewahi kukutana na jambazi uso kwa uso?" Macho yote yakamgeukia. Jotham akatafuta jibu la kweli, akaliona dogo mno.

"Magomeni," akasema, akakohoa.

Hakuongeza neno, na hapakuwa na haja. Mwezi uliofuata jambazi wa Magomeni alikuwa na kisu. Mwaka haujaisha akawa na bunduki, na Afande alikuwa amemkamata kwa mikono mitupu. Jotham ndiye aliyemzaa yule jambazi, lakini Meshaki ndiye aliyemlea.

Sekela, mke wa Jotham, alizisikia habari hizo jikoni pamoja na wanawake wenzake. Alikoroga uji wake kimya. Ila tangu siku ile, akitaka kumchokoza mumewe, humuuliza, "Baba Hosea, yule jambazi wako hajambo?" Na mumewe hutoka nje kuangalia migomba.

Basi maisha yangeendelea hivyo hivyo kwa amani, kama asingechaguliwa Lazaro kuwa mwenyekiti wa kitongoji. Lazaro hakupenda watu wapeleke kesi zao kwa Afande kabla ya kuja kwake. Siku ya mkutano akasimama mbele ya watu wote: "Huyu afande wenu, kuna mtu amewahi kuona hata kipande cha karatasi? Maana hata mlinzi wa ghala hutembea hivyo."

Watu wakacheka. Hawakucheka sana, lakini walicheka, na kile kicheko kilimwingia Jotham mpaka kwenye mifupa. Angewaonyesha nini? Kitambulisho cha kazi alikirudisha siku aliyokabidhi sare. Cheti cha kustaafu kilinyeshewa bati lilipovuja, wino wote ukakimbia, ikabaki karatasi yenye ramani ya bluu. Kama Lazaro akisema yeye si askari, ni nani wa kumbishia?

Ndipo likaja tangazo kwamba polisi wastaafu wa wilaya waende Tukuyu kupigwa picha, watengenezewe vitambulisho vipya. Loo! Jotham alitangaza habari hiyo kanisani, akaitangaza pale wanapopimia majani ya chai, akaitangaza hata kwa watu wasiomuuliza. "Mtaona," alisema. "Kitakuwa na picha, na cheo changu. Mwambieni Lazaro asafishe miwani."

Siku ilipofika, Meshaki alimpakia kwenye kirikuu, kigari chake cha mizigo, pamoja na makreti ya parachichi. Mvua inanyesha, na Afande kavaa koti, tai, viatu vinavyong'aa, na kofia ya sufu aliyofumiwa na Sekela. Mwavuli kaubana kwapani kama fimbo ya ukaguzi. Walipofika mjini akamwambia Meshaki atangulie sokoni.

"Parachichi haziozi leo, Afande. Nataka nione wanavyokupigia saluti."

Jotham akakaza tai, akatangulia ndani.

Ukumbini walikuwepo wastaafu wengi, wamekaa kwenye mabenchi, wazee kwa wamama, kila mmoja na bahasha yake. Ukutani limetundikwa shuka jeupe, mbele yake kiti, na kijana wa kamera anawasihi watu wavue kofia. Mezani alikuwepo Inspekta Sia, binti wa Kilimanjaro mwenye sauti ya upole, anayemwamkia kila mzee.

"Shikamoo, mzee wangu," alimwambia Jotham, akaipokea ile ramani ya bluu. Akaigeuza. Akaigeuza tena. "Mzee wangu, hapa sisomi chochote. Kuna matapeli wamejitokeza kwingine, kwa hiyo utaratibu ni mmoja: wastaafu wawili waliokufahamu kazini wakutambue. Geuka tu, uwaite wenzako."

Jotham akageuka. Hapakuwa na sura hata moja anayoijua. Hawa walikuwa watu wa vituo, wa doria, wa barabarani, wametawanywa nchi nzima. Yeye maisha yake yote alikuwa na wapiga tarumbeta.

"Ulikuwa kituo gani?" aliuliza mzee mmoja wa mbele, jitu la watu lenye masharubu meupe. Jina lake Obed, na ilionekana wenzake wanamsikiliza.

"Dar."

"Dar kubwa, ndugu yangu. Dar wapi?"

"Barabara ya Kilwa."

"Pale kuna watu chungu nzima. Ulikuwa kwenye nini?"

Jotham akakohoa. Na hapo, kwa wema wake wote, Meshaki akaona rafiki yake anaonewa, akapaza sauti kutoka mlangoni: "Afande, waambie habari ya yule jambazi wa Magomeni!"

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Jambazi gani?" akauliza Obed.

"Mwenye bunduki! Alimkamata kwa mikono mitupu, akamburuta mpaka kituoni!"

"Ahaa," alisema Mzee Obed, akayachezea masharubu. "Mimi nimefanya kazi Magomeni mpaka nikaota mvi. Alimleta saa ngapi huyo jambazi, mbona mimi sikumpokea?"

Jamani, kicheko! Kuna mama mmoja mstaafu alicheka mpaka akadondosha bahasha. Jotham alitamani sakafu ipasuke. Inspekta Sia peke yake hakucheka. Alisema taratibu, "Mzee wangu, kama hakuna anayekufahamu, tutauliza Dar. Nisikudanganye, utasubiri sana. Nikuweke pembeni?"

Akilini Jotham akamwona Lazaro kwenye mkutano, anafuta miwani. Kisha akamtazama Meshaki pale mlangoni, amekodoa macho, bado anamwamini mia kwa mia. Akirudi Ikuti bila kitambulisho, ataitwa mlinzi wa ghala. Akisema ukweli, Meshaki atausikia, na anachosikia Meshaki asubuhi, Ikuti inakila mchana. Uoga ulimshika, uoga kabisa.

"Nilikuwa bendi," alisema.

"Sema kwa sauti, mzee."

"Bendi! Bendi ya polisi! Nilikuwa napiga ngoma kubwa. Sijawahi kukamata mtu. Hakuna jambazi." Hakumtazama Meshaki.

Obed akatikisa kichwa. "Na hilo tapeli yeyote anaweza kulisema. Nani atajua hapa kama ulipiga ngoma au ulikuna nazi?"

Hapo ndipo Jotham alipokasirika. Kumcheka sawa, jambazi sawa, lakini ngoma? Aliangaza macho, akaliona pembeni pipa la plastiki la kuwekea maji, tupu. Akavua kofia. Akaizungusha kwenye mpini wa mwavuli, akaikaza kwa tai yake, ikawa kirungu cha ngoma, akasogea kwenye pipa, akasimama wima. Kisha akapiga.

Alipiga mwendo wa pole. Ule wa gwaride la kuhitimu kule chuoni Moshi, ambao bendi ilikuwa ikisafiri kutoka Dar kwenda kuupigia makuruta siku wanapopita mbele ya jukwaa kuu. Pigo, kimya, pigo. Wala si kwa nguvu. Pipa la plastiki halina sauti ya maana, lakini mkono ulikuwa uleule.

Mguu wa kushoto wa Mzee Obed ndio ulioanza. Mwenyewe hakujua. Ulinyanyuka kidogo, ukakaa angani ukingoja pigo, ukashuka. Yule mama wa bahasha akanyoosha mgongo. Mzee mmoja mwenye mkongojo akasimama, na mkongojo ukabaki benchini. Wakasimama wote, vifua mbele, vidole vimekunjwa, wamekaza macho kwenye lile shuka jeupe kama ndilo jukwaa lenyewe. Nyuma ya meza visigino vya Inspekta Sia vilikuwa vimeshakutana. Hata kijana wa kamera alikakamaa.

Jotham alipoacha, hakuna aliyekaa.

"Moshi," alisema Obed, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ndugu yangu, siku ile nilikuwa naogopa. Mama yangu alikuwa amekaa kule anatazama, na mimi magoti yanagongana, najua nitakosea hatua mbele ya watu wote. Ngoma ndiyo iliyonivusha. Niliifuata tu." Akajipangusa masharubu. "Sura yake siijui, Inspekta. Huo mkono naujua. Niandike."

"Na mimi niandike," alisema mama wa bahasha.

Jotham alikaa kwenye kiti cha picha bila kofia, bila tai, kipara kinang'aa, machozi hayajakauka. Kijana wa kamera akamwambia asicheke. Hakuweza kujizuia, na picha ikatoka hivyo.

Njia nzima ya kurudi Meshaki hakusema neno. Tangu azaliwe, hilo lilikuwa halijatokea. Walipokaribia nyumbani ndipo alipouliza, kwa masikitiko ya mtu aliyefiwa, "Afande, hata kisu hakuwa nacho?"

"Hata kisu, Meshaki. Unisamehe."

Afande hajamaliza kufungua viatu, uani kumejaa watu. Meshaki alikuwa ameshawaambia, na katika mdomo wake wale wastaafu walishakuwa mia, na pipa lilipasuka. Wengine walikuja kucheka, wengine kupeleleza, na Lazaro alikuja mwenyewe, amevaa miwani.

"Kwa hiyo, Afande," alianza Lazaro, "tumesikia kwamba ..."

"Mwenyekiti, subiri kidogo," alisema Sekela. Alitoka jikoni anafuta mikono, na Jotham akajikunja akingoja aulizwe habari za jambazi. Haikuwa hivyo. Mkewe alisimama mbele yake, na hakuwa akicheka.

"Baba Hosea, mimi niliondoka kwa baba yangu nikafuata mpiga ngoma. Nilimwona kwenye gwaride, nikasema ni huyu. Halafu tunarudi huku, miaka yote hii nalishwa habari za mwanaume mwingine, mkamata majambazi, ndani ya nyumba yangu. Nilidhani unaona aibu. Nikadhani unanionea aibu na mimi niliyekupenda kwa hiyo ngoma."

Jotham alikuwa hajawahi kuliwaza hilo hata siku moja, na lilimchoma kuliko kicheko cha ukumbi mzima.

Sekela akaingia ndani, akarudi na pipa la kuvundikia ndizi, akaligeuza miguuni pa mumewe. "Ile ya siku niliyokuona," akasema.

Jotham akavua kofia, akaizungusha kwenye mpini wa mwavuli, akapiga. Wa kwanza kuinua mguu alikuwa Lazaro.