Re Mineur Sixte kwa Kidole Kilichokufa

Nilijifunza yukulele, ile gitaa ndogo, nikiwa muzee tayari. Mutu asiniulize sababu gani sikuanza mapema. Mapema nilikuwa nasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, nashusha nayo viazi kutoka barabara ya Rutshuru, miaka sijui mingapi. Halafu volkano ikapita juu ya nyumba yetu, nikaanza kuvunja mawe yake ili tujenge tena palepale juu. Jiwe moja likaponda kidole changu kidogo cha mukono wa kushoto. Tangu siku ile hakikunjiki.

Lakini nilitaka kusema juu ya akori, vile vidole vinakamata kamba pamoja, na sauti inatoka moja.

Muke wangu alifia Munigi, kwenye mahema, vita ilipotuhamisha. Alikuwa na wimbo mumoja wa kanisa, aliuimba akichambua maharage. Kwenye neno "nyumbani" sauti yake ilipinda kidogo, kama mutu anauliza kitu na hangojei jibu. Siku ya kumaliza kilio ilipokaribia, nilitaka niupige mwenyewe, na upinde palepale. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimenyamaza. Courant ya umeme ilikatika na vita.

Mama wa kwaya, Munande wa Butembo, mukali, akaniazima yukulele yake ya kamba ine. Kwanza alinifundisha akori ya re mineur, vidole vitatu. Kisha akanisikiliza nikiimba lile neno.

"Papa, hapo ni re mineur sixte. Ni ileile re mineur, ongeza tu kidole kidogo kwa kamba ya chini."

"Kidole kidogo kilikufa, mama."

"Basi na chenyewe tutakimalizia kilio Jumamosi."

Nilijaribu siku nyingi. Nimekimbia mara ine katika maisha yangu, godoro kichwani, na sikuchoka vile. Tena kidole changu cha katikati, kinene sababu ya chukudu, kila mara kiligusa kamba mbili. Mama alikipiga kofi: "Kamba moja, Papa. Hapa si sokoni."

Ijumaa nikakosa nguvu ya kubishana nacho. Nikakilaza, kikamate zote mbili. Jirani yake, kidole cha pete, kikabaki bila kazi, nikakishusha kwa kamba ya chini, pahali pa marehemu. Nikapiga.

Mama akainama akatazama vidole vyangu. "Kwenye kitabu si hivyo," akasema. "Lakini ni yenyewe."

Jumamosi kwaya ilifika kwenye "nyumbani" na vidole vyangu vilikuwa bado njiani. Niliona aibu. Lakini wale wamama hawakupita. Walilishika lile neno, wakalivuta, macho yao yote kwenye mukono wangu, mpaka kidole kinene kikalala na mwenzake akashuka. Nikapiga, sauti ikapinda vilevile.

Halafu nikaweka mukono juu ya magoti, wakamaliza wimbo bila mimi.